Mama Miguu Aliyekataa Kuondoka

Watu walimwita Mama Miguu, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alimtazama chini, kwenye viatu. Hakukuwa na cha kutazama. Alikuwa na miguu ya kawaida ya mwanamke wa makamo anayesimama kutwa, imevimba kidogo vifundoni, ndani ya raba nyeupe ambazo vumbi la plasta lilishazifanya nyeupe zaidi. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa fundi wa miguu bandia katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, kwenye mji mdogo wa mlimani ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi na nguo zilizofuliwa Jumapili huvaliwa katikati ya wiki, tena zikiwa na unyevu.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hivi. Mtu aliyekatwa mguu anakaa mezani. Fundi anakizungushia kigutu chake bandeji zilizolowekwa plasta, anakishika kwa mikono yote miwili, anakandamiza pale patakapobeba uzito, halafu anatulia. Plasta haingoji mtu. Ikishaanza kukauka, ukitoa mkono hata wa kujikuna pua umeharibu, na kikombe cha mguu kitakachotoka humo, kile kinachovalishwa kigutu, kitamchubua mwenyewe kila hatua. Basi fundi anashika, ananyamaza, anavumilia. Mama Miguu alikuwa hodari wa kushika na kunyamaza, na balaa lake lilianzia hapo hapo.

Alifika pale akiwa mwajiriwa mpya, kwa ahadi kwamba angekaa miaka miwili kisha apangiwe kwingine. Mgongoni alibeba mtoto wa kike. Baba wa mtoto alikuwa ameshashika njia yake, na hadithi hii haimhitaji. Mtoto akapata pumu. Kila ukungu uliposhuka, kifua chake kilianza kupiga filimbi, na mama akawa anakesha akimshikilia wima kitandani. Daktari hakuzunguka mbuyu: mtoto apelekwe kwenye joto, la sivyo watamzika. Dada mkubwa wa Mama Miguu aliishi tambarare, kwenye jua, safari ya kutwa nzima kwa basi. Akamchukua. Ilikuwa kwa muda tu, mpaka uhamisho utoke.

Uhamisho haukutoka. Mkuu wa karakana wa wakati ule alikuwa mtu mcheshi, mwepesi wa ahadi. Kila alipoombwa alisema, "Hilo niachie mimi," na kweli akaachiwa, likalala kwake. Hakuwa katili. Alikuwa na fundi mmoja tu wa kutegemewa, na alijua akimruhusu huyo, karakana itabaki stoo ya magongo. Kwa hiyo alimpiga danadana mwaka hadi mwaka, huku akimuulizia hali ya mtoto kwa huruma ya kweli kabisa.

Kule tambarare mtoto alikua pamoja na watoto wa dada. Wale, kwa haki yao, walimwita Mama Miguu "mama mdogo", kwani ni mdogo wa mama yao. Na mtoto hushika anachokisikia. Likizo ya kwanza Mama Miguu aliposhuka kwenye basi, mwanawe wa kumzaa alimkimbilia katikati ya wenzake, akamkumbatia goti, akasema, "Shikamoo, mama mdogo." Dada alicheka. Kisha akauona uso wa mdogo wake, akaacha kucheka. Walijitahidi kumsahihisha, lakini ulimi hausahihishwi kwa likizo ya wiki mbili. Sasa binti yuko sekondari, ana akili zake timamu, anajua nani kamzaa nani kamlea. Hata hivyo akisema "mama" kwenye simu, unasikia kabisa kwamba amefikiri kwanza.

Hapo ndipo anapoingia Profesa Maana. Jina hilo walimpa wanafunzi wa chuo kikuu, kwa sababu hakuwa na mhadhara ambao haukuishia kwenye maana ya maisha, hata ule wa takwimu. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nzito na macho mepesi ya kulia, aina ya msomi anayependa binadamu kwa jumla na kusahau majina yao. Siku moja, binti akiwa bado shule ya msingi, alileta wanafunzi wake kutembelea karakana. Alimkuta Mama Miguu amemshika mtoto wa shule kigutu, plasta iko mbioni kukauka, barakoa ya vumbi imembana mdomo. Profesa akamuuliza mkuu kwa nini fundi hodari namna hii bado yuko huku mlimani.

Mkuu alibabaika. Mbele ya wageni angesema nini, kwamba amemng'ang'ania? Akacheka, akasema, "Huyu? Tumeshamwambia aende mara tatu, anakataa. Anasema hawezi kuwaacha watu wake."

Mama Miguu alisikia kila neno. Alitoa macho juu ya barakoa, lakini mikono ilikuwa kazini, na mtoto aliyekuwa mezani alikuwa amefumba macho kwa woga. Angeiachia plasta, kazi ya asubuhi nzima ingekwenda na maji na mtoto angelazimika kurudi siku nyingine kutoka mbali. Akaendelea kushika. Plasta ilipokauka wageni walikuwa wameshaondoka kwenda kunywa chai, na Profesa Maana alikuwa ameshafuta miwani yake mara mbili.

Mwaka huo huo Mama Miguu akaalikwa chuoni. Chuo kilikuwa na mihadhara yake ya kila mwaka kwa wanafunzi wanaomaliza, kuhusu huduma, mafanikio na maisha yenye maana, na kila neno lilikuwa na mtu wake. Mafanikio yalizungumzwa na mfanyabiashara mwenye suti iliyombana, ambaye kila mwaka, jukwaani, alianza biashara yake upya kwa meza moja ya kuuzia soksi. Maana ilikuwa ya Profesa mwenyewe. Huduma akawa Mama Miguu. Hakutakiwa kusema sana. Alitakiwa kukaa mbele, karibu na maua ya plastiki, na Profesa akifika kwenye maneno "mara tatu aliambiwa aende, mara tatu akakataa", asimame.

Alisimama. Ukumbi mzima ukainuka ukapiga makofi, na yeye akaona aibu ya kuwavunjia watu wazima furaha yao. Alijiambia atamnong'oneza Profesa baadaye. Baadaye akapewa ngao ya mbao yenye jina lake, akapigwa picha, akarudishwa kwa gari la chuo. Ngao zimeendelea kuja kila mwaka. Moja ameegeshea dirisha la jikoni lisifunguke kwa upepo, na kwa kazi hiyo haina mfano.

Uongo ule haukukaa bure, ulizaa. Wafadhili walioisikia hadithi waliipa karakana tanuri jipya la kuyeyushia plastiki, na mkuu akamwambia, "Tanuri hili limekuja mgongoni kwako." Alikuwa anamsifu. Yeye alisikia mlango ukifungwa. Aliposafiri mwenyewe hadi wizarani kuomba uhamisho ana kwa ana, karani alimtazama, akamwita mwenzake, wakamtazama wote. "Wewe si ndiye yule anayekataa kuondoka?" Akawaeleza. Wakacheka kwa upendo, wakamwambia ana utani mzuri, wakampa kiti na soda. Ndivyo alivyofungwa, jamani, kwa soda na makofi. Hakuna aliyemtesa hata siku moja.

Wagonjwa wake aliwapenda, hilo lisitiliwe shaka. Alipenda dakika ile mtu anaposhika mabomba ya kufanyia mazoezi ya kutembea, akaachia mkono mmoja, kisha wa pili. Lakini alikuwa na hasira pia, hasira iliyokaa chini ya mbavu. Wakati mwingine, akisugua kikombe cha mguu kwa tupa, alijikuta anasugua kwa nguvu kupita kiasi, akaacha, akatoka nje kuvuta pumzi ya ukungu.

Mwaka huu mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Mkuu wa zamani alistaafu akaja kijana mnyoofu asiyejua danadana. Na hospitali ya kule tambarare, mwendo wa miguu tu kutoka kwa dada, ikafungua karakana na kutafuta fundi.

"Mama, mimi sikuzuii," mkuu mpya alimwambia. "Ila siwezi kufunga karakana. Nitafutie mtu wa kukaa hapa, yeyote mwenye cheti. Siku akiripoti, wewe kesho yake uondoke. Lakini wale wa tambarare wanasubiri mwisho wa mwezi, hawatasubiri zaidi."

Alimpigia simu binti yake usiku uo huo. Binti akauliza, "Utakuja kukaa, au utakuja likizo?"

"Kukaa."

"Kukaa kabisa?"

"Nikipata mtu, kabisa."

Kesho yake dada alimwambia kwamba mtoto ameamka mapema, ametoa nguo zake nusu ya kabati na kuzirundika kwenye sanduku, na kwamba yeye dada ameambiwa asiguse upande ule mtupu, ni wa mama. Mama Miguu aliiweka simu chini akakaa na furaha yake jikoni, akiogopa hata kuinuka. Ilikuwa imebaki miaka miwili binti amalize shule na kwenda anakokwenda. Miaka miwili ya kusikia mlango ukifunguliwa jioni na kujua ni nani. Hakutaka zaidi ya hiyo.

Na mhadhara ulikuwa wiki ile ile.

Miaka yote alikwenda chuoni kama anayekwenda kung'olewa jino. Safari hii alikwenda kuwinda. Alivaa gauni lake zuri, akapaka mafuta mikono iliyopasuka kwa plasta, na njiani alijizoeza maneno mpaka dereva akamuuliza kama anasali. Kwenye ukumbi kulikuwa na wanafunzi wa idara ya viungo bandia wanaomaliza, safu nzima. Alihitaji mmoja tu; mafundi wote aliowajua walikuwa wameshamkatalia.

Mfanyabiashara aliuza soksi zake. Profesa Maana alipanda, akarekebisha kipaza sauti kilichopiga kelele, akaanza kumsimulia. Kila mwaka hadithi ilikuwa imeongezwa chumvi kidogo, na safari hii ilikuwa na mvua. Alipofika kwenye "akakataa", Mama Miguu alisimama, na kwa mara ya kwanza akaomba kipaza sauti.

Alizungumza vizuri kuliko alivyotegemea. Alieleza juu ya mwashi aliyerudi kupanda ngazi, na bibi aliyekuja kuchukua mguu wake akakataa kutoka nao mpaka apelekewe kiatu cha kufanana. Watu walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Alisema mlima unahitaji vijana. Hakudanganya hata neno moja, na alijua kabisa kwamba maneno yake yote yamesimama juu ya uongo ule mmoja. Akajikaza kisabuni, akakaa, wakapiga makofi.

Nje, kwenye ukumbi mdogo, waajiri walikuwa wamepanga meza zao. Hospitali za binafsi zilikuwa na vitambaa vya mezani na kalamu za bure. Karakana ya mlimani ilikuwa na meza tupu na Mama Miguu. Wanafunzi walimpita wakimwamkia kwa adabu, wakaenda kwenye kalamu. Alikuwa ameshaanza kukata tamaa alipomwona msichana mmoja mrefu, wenzake wakimwita Twiga, akikata umati kuja moja kwa moja kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi niko mwaka wa mwisho, viungo bandia. Nakuja kwako."

"Kutembea?"

"Kufanya kazi. Wale pale wameshanipa nafasi," akaonyesha kwa kidevu meza yenye vitambaa, "wananisubiri nikawajibu leo. Lakini nilikuona mwaka jana nilipojipenyeza na waliomaliza, nimekusikia leo, basi. Wenzangu wananicheka. Waache wacheke."

Mama Miguu aliegemea meza kwa mkono. Aliuliza cheti, kinatoka wiki ile ile. Aliuliza ataripoti lini, akaambiwa hata wiki ijayo. Aliliona kabati la binti yake, upande ule mtupu.

"Kuna pa kulala?" Twiga aliuliza.

"Kuna nyumba ndogo, nyuma ya karakana." Hakusema ni ya nani.

"Vizuri. Maana nina mtoto, ndiyo kwanza anasimama dede. Lakini si tatizo, nitamwachia mama kidogo. Nikishajipanga namchukua."

"Kidogo," alisema Mama Miguu.

"Mwaka hivi. Mama mwenyewe anamtaka, anasema hata nisipomfuata sawa tu." Akacheka. Halafu akainama, sauti ikawa ya chini. "Nina swali moja tu, ukinijibu naenda kuwaambia wale hapana. Siku ulipochoka, ulipotaka kuondoka. Naamini ilikuwepo siku hiyo. Ulifanya nini ukabaki?"

Wakati huo huo Profesa Maana alipita na kikombe chake cha chai, akawaona, akawabariki wote wawili kwa tabasamu. "Ahaa, huduma inarithiwa," alisema, akaendelea na safari yake. Mama Miguu alimtazama mpaka alipomezwa na watu.

Jibu lilikuwepo tayari mdomoni. Angesema niliwafikiria wagonjwa, na ingetosha. Neno moja tu la uongo mtamu, ambalo watu wazima wenye digrii walikuwa wakilisema kwa niaba yake miaka yote, na yeye angekuwa tambarare kabla mwezi haujaisha. Nani angemlaumu? Msichana mwenyewe ndiye aliyekuja. Hakuvutwa mkono.

"Sikufanya kitu," alisema. "Niliomba kuondoka. Nikanyimwa. Nikaomba tena, nikanyimwa tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Sijawahi kukataa kwenda popote."

Twiga alitabasamu, akidhani ni unyenyekevu.

"Usicheke, mwanangu. Nilimwachia dada yangu mtoto kidogo, hivyo hivyo unavyosema wewe. Yuko sekondari. Kunijua ananijua."

Tabasamu lilitoka usoni kwa Twiga taratibu. "Lakini profesa..."

"Profesa aliambiwa uongo. Mimi niliunyamazia."

"Na leo? Ulivyosimama ukaongea vile?"

"Leo nilikuja kutafuta mtu wa kukaa pangu ili niondoke. Ukija wewe, mimi naondoka kesho yake. Hiyo nyumba ni ya kwangu."

Tusimfiche. Alitumaini. Alitumaini kwamba msichana, akishajua yote, atasema sawa mama, nitakuja hivyo hivyo, tutaangalia na hilo la mtoto. Vijana wa namna hiyo wapo, na kazi ilikuwa nzuri, hakusema uongo juu ya kazi. Alisimama pale anangoja kusikia hivyo, na kama angesikia angemshika mkono asimwachie.

Twiga alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekanyagwa. "Mwaka jana nilikupigia makofi mpaka viganja vikauma," alisema. "Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama, kuna mtu nimemwona. Mngetuambia tu, mama. Mngetuambia ni kazi, ni ngumu, watu wanahitajika. Kwani tungekataa wote?"

Mama Miguu alikuwa hajawahi kuliwaza hilo. Msichana aliaga, kwa mazoea tu, akageuka. Akasimama kwenye meza yenye vitambaa. Mtu wa hospitali ya binafsi akamsogezea kiti.

Wengine hawakuja. Meza zilianza kukunjwa, maua ya plastiki yakarudishwa kwenye boksi lao mpaka mwakani. Dereva alimwambia gari liko tayari, yeye akamwomba amvumilie kidogo, akatoka hadi kwenye ngazi za nje, akampigia binti yake, na simu ikapokelewa haraka, kana kwamba ilikuwa imeshikwa mkononi.

"Umepata mtu?" binti aliuliza. Hakukuwa na shikamoo.

"Sijapata."

"Hata mmoja hakuja?"

Angesema hata mmoja. Ingekuwa rahisi, na chuo kizima kingekuwa cha kulaumiwa. "Alikuja mmoja," alisema. "Alikuwa tayari kabisa. Ana mtoto mdogo, alitaka kumwacha kwa mama yake. Nikamwambia ukweli wote, akaenda kwingine."

Kwenye simu zilisikika sahani na maji ya bomba, na mtoto wa dada akiita mtu aje kuonja.

"Siku zote ulisema wanakukatalia," binti alisema mwishoni. Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwa nawatetea kwa wenzangu, nasema mama anataka kuja, wao ndio wanakataa. Leo kakataa nani?"

Alitaka kueleza, akaona maelezo yote yanamfaa mtoto wa yule msichana, si wake. "Leo nimekataa mimi," alisema.

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, na hatua, na mlango. Kisha sauti ya dada yake ikaja kwenye simu, ikiwa na wasiwasi, mikono yake bila shaka ingali na sabuni.

"Mtoto ameingia chumbani anarudisha nguo kabatini. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia siji, dada," alisema Mama Miguu.